Kipande Kitupu

Pale maabara walimwita Nukta, na jina hilo alilipata kihalali. Mtu akimwambia kipimo kimetoka mbili na kitu, yeye alitaka kujua hicho kitu ni kitu gani. Alikuwa na mkono mtulivu na roho ya kung'ang'ania, na kazi yake ilivitaka vyote viwili, maana alipima umeme unaozaliwa na joto ndani ya utando wa madini, utando mwembamba ambao ukiutazama ubavuni huoni kitu.

Utando wenyewe haukutoka mikononi mwake. Ulitengenezwa na kaka yake, kaka wa tumbo moja, aliyekuwa bwana wa mtungi katika chumba cha pili. Mtungi huo wa chuma ulizungukwa na mabomba na pampu iliyonguruma mchana kutwa. Hewa yote ilinyonywa nje, ikaingizwa gesi kidogo, umeme ukapigwa, na gesi ikawaka rangi ya zambarau. Mwako huo uling'oa atomu kwenye kisahani cha mangani na bati, zikaruka na kutua juu ya kipande cha fuwele chenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kaka mtu alisimama kwenye kidirisha cha mtungi akiutazama mwako kwa macho ya kubana, kama mpishi anayesikilizia wali usiungue. Vijana wa maabara walisema yule mzee hahitaji vipimo, anaunusa tu utando akajua umeiva.

Madini waliyoyachagua yalikuwa na ukaidi wake. Ndani yake kila atomu ni sumaku ndogo, lakini sumaku hizo zinapeana visogo na kufutana, hata ukisogeza msumari karibu hauvutwi. Wageni walipouliza maana yake, kaka alikuwa na jibu lake moja, na hakuchoka kulirudia: ni kama mume na mke walionuniana, ndani nyumba inawaka moto lakini jirani hasikii hata kijiko kikianguka. Nukta naye alikuwa akiongeza kwamba yeye ndiye jirani mwenye sikio ukutani. Aliukandika utando kwa gundi ya fedha, upande mmoja akaupasha joto, wa pili akaupoza, akaukalisha katikati ya sumaku kubwa, kisha kwa nyaya nyembamba kuliko unywele akasikiliza kama kuna umeme unaopita kwa upande, ukiukata mkondo wa joto. Umeme huo, ukiwepo, ni mdogo mno. Mtu akifungua mlango kwa pupa, upepo wake tu unatosha kuuharibu.

Kwa miaka walisikiliza na kusikia kelele tupu. Halafu mwaka mmoja mstari kwenye skrini ulipanda, ukaruka, na sumaku ilipogeuzwa ukarudi kwa njia nyingine, ukajifunga. Kitanzi, ishara waliyokuwa wakiingoja. Nukta alipima tena na tena, akabadilisha nyaya, akabadilisha kipima volti, na kitanzi hakikuondoka. Alipomwita kaka yake kutoka chumba cha pili, yule bwana alitazama skrini muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikwenda nje akasimama uani peke yake, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Waliandika makala, majina yao wawili yakakaa pamoja. Maabara za mbali zikaanza kuuliza. Kaka mtu, aliyezoea kukaa nyuma ya mtungi wake, akaitwa kuzungumza mbele za watu, akajinunulia koti. Wifi yake Nukta, yaani mke wa kaka, alilipiga pasi koti lile kila mara kana kwamba ni la harusi. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wifi alizoea kusema kwa utani kwamba mtungi ndio mke mwenza wake, na siku ile akasema basi mke mwenza hatimaye amezaa.

Furaha ile haikukaa sana. Kaka alianza kwa kupoteza hamu ya kula, kisha macho yakapata rangi ya manjano, na daktari akasema ini. Alisema na mengine, ila yote yalifika mahali pamoja: dawa za kumpunguzia maumivu zipo, za kumponya hazipo. Wakamrudisha nyumbani. Wifi akahamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ili aone watu wakipita.

Nukta akaachiwa vyumba vyote viwili. Kabla hajalala kitandani moja kwa moja, kaka alikuwa amemfundisha mtungi hatua kwa hatua, akimpiga vidole kwa penseli kila alipokimbilia hatua ya mbele. Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka maabara moja ya mbali, yeye ndiye aliyeisoma na yeye ndiye aliyepaswa kuijibu. Wale wenzao waliandika kwa adabu. Walisema wametengeneza utando huohuo, wameupima kwa njia ileile, na hawaoni kitu. Wakauliza: je, mlipima kipande kitupu?

Swali hilo lilimchoma. Kipande kitupu ni fuwele ambayo imepitishwa kila mahali, imeoshwa, imepashwa moto, imesafishwa kwa mwako wa gesi, ila kifuniko cha kisahani hakikufunguliwa, kwa hiyo haina madini juu yake. Ukiipima inatakiwa inyamaze. Yeye na kaka walikuwa wamepima fuwele iliyotoka dukani, ikanyamaza, wakaridhika. Hawakuwahi kupima iliyopita mtungini. Aliwahi kulitaja jambo hilo zamani, na kaka akamjibu kwamba kutumia siku nzima ya mtungi kutengeneza kitu kisichokuwepo ni kutwanga maji. Yeye akacheka, likapita.

Safari hii alitwanga. Alikipitisha kipande kila hatua, kifuniko akakiacha kimefungwa. Kilipotoka kilikuwa kinang'aa kama kilivyoingia. Akakikandika, akafunga nyaya, akawasha joto, akaanza kuigeuza sumaku polepole. Mstari ulipanda. Ukaruka. Ukarudi kwa njia nyingine na kujifunga.

Alikaa kwenye kiti. Kitanzi kilikuwa kilekile, umbo lilelile, kama ndugu pacha. Madini hayakuwepo na umeme ulikuwepo.

Kilichobaki ilikuwa kutafuta mchawi, na hakumtafuta mbali. Kipande kilipokuwa mtungini kilishikiliwa na pete. Pete ya asili ilikuwa imepasuka, na kaka, badala ya kungoja nyingine ije kutoka ng'ambo, alichonga ya kwake kwa chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Alikuwa mwangalifu. Aliijaribu kwa sumaku mbele ya macho ya Nukta, na sumaku ikateleza bila kushika, kwa hiyo wote wawili waliiona haina hatia. Lakini mwako wa kusafisha ulipokuwa ukiilamba fuwele, uliilamba na pete. Atomu za chuma zikang'oka, zikatua upya juu ya fuwele, na katika kutua huko zikajipanga namna nyingine, namna inayoshika sumaku. Chini ya kila utando waliowahi kujivunia kulikuwa na vumbi la chuma cha kawaida. Kitanzi kilikuwa cha pete.

Alipima kipande kingine, na kingine. Kisha akafunga maabara akaenda nyumbani kwa miguu, na njiani alikuwa akijadiliana na nafsi yake kama mtu aliyechanganyikiwa. Anyamaze? Kaka yake hakuwa na muda mwingi, hilo kila mtu alilijua. Lakini tangu wakiwa watoto hawakuwahi kufichana kipimo. Waligombana, walinuniana, waliwahi kukaa muda mrefu bila kusalimiana kwa sababu ya redio ya baba iliyofunguliwa vipande. Kufichana kipimo, hapana. Akajiambia kaka mwenyewe angetaka kujua. Alijiambia hivyo mara nyingi, pengine kwa sababu hakuwa na uhakika.

Alikwenda kwa kaka mchana, wifi akiwa jikoni anaponda viazi vya mgonjwa. Kaka alikuwa ameegemezwa mito, amekonda, koti la mazungumzo limetundikwa nyuma ya mlango. Alimuuliza habari za pampu kwanza, kisha habari za mkuu wa maabara, kisha akauliza:

"Wale wenzetu wa barua, umewajibu?"

"Bado, kaka. Nilitaka kwanza nipime kipande kitupu."

"Enhe."

"Kina kitanzi."

Kaka hakushtuka. Alianza kuuliza maswali, na sauti yake ikawa ile ya kazini. Gundi? Alibadilisha gundi. Nyaya? Alizigeuza. Kipasha joto, je, hakivujishi umeme? Aliugeuza umeme wake na kitanzi hakikugeuka, kwa hiyo si uvujaji, ni joto. Fuwele ilitoka boksi gani? Maboksi mawili tofauti. Kila mlango aliougonga, Nukta alikuwa ameshaufunga, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni huyuhuyu aliyekuwa akigonga. Mwisho maswali yakamwishia kaka. Akatazama mikono yake juu ya shuka.

"Pete," akasema.

"Ndiyo, kaka. Nadhani ni pete."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Wifi aliuliza kutoka jikoni kama Nukta anakula.

"Ungesubiri kidogo tu," kaka akasema, taratibu, bila hasira. "Kidogo tu, dada. Ungeweza."

Kisha akageukia ukutani. Nukta alikaa pale kwenye kigoda. Wifi alipoingia na sahani alimkuta anajifuta uso kwa ncha ya mtandio na mgonjwa amempa mgongo. Akaiweka sahani chini akawatazama wote wawili.

Tangu siku ile kaka alimpokea kama mgeni. Hakumfukuza, wala hakumsema. Akiingia, alimwambia karibu, asante kwa kuja. Akiondoka, alimwambia asante, usalimie huko. Habari za kazi hakuziuliza tena. Nukta alijaribu kumpa habari nyingine, za majirani, za bei ya mafuta, za yule kijana wa maabara aliyevunja kipimajoto akakificha kwenye soksi. Kaka alitabasamu panapostahili. Afadhali angemtukana.

Wifi ndiye aliyesema. Alimsindikiza hadi getini, akasimama akiwa ameshika komeo.

"Wifi, mimi sikusoma mambo yenu. Lakini mtu anayekufa analetewa uji, analetewa maji. Wewe umemletea vipimo."

Nukta alisema aliulizwa. Wifi akajibu kwamba hata yeye huwa anaulizwa na mumewe kila asubuhi kama uso umepata nafuu, na kila asubuhi anasema umepata. Akafunga geti, si kwa kishindo, akarudi ndani.

Kaka alifariki asubuhi, mke wake akimbadilisha foronya. Nukta aliitwa kwa simu akiwa mbele ya sumaku, akaacha kila kitu kinawaka. Alipofika uso ulikuwa umeshafunikwa. Kwa hiyo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwa kaka yake lilikuwa asante, usalimie huko, na alilibeba kama jiwe ndani ya kiatu.

Kwenye maziko mkuu wa maabara alisimama kuzungumza. Nukta alijiandaa kusikia sifa za ugunduzi, akainamisha kichwa mapema. Sifa hizo hazikuja. Mkuu alizungumzia mikono ya marehemu, subira yake, namna alivyoweza kusikia pampu inayokaribia kuharibika kabla haijaharibika. Makala hakuitaja hata kidogo. Watu wengine hawakuona ajabu. Nukta aliona, ila siku ile hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Aliuliza baadaye, alipopiga moyo konde akaenda ofisini kwa mkuu kumwambia kwamba makala lazima iondolewe. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri. Mkuu, mzee mnene mwenye kuhema akipanda ngazi, alimwacha afike nusu, kisha akamwinulia kiganja.

"Imeshaondolewa, mama. Kaka yako alinipigia simu."

"Lini?"

"Kesho yake baada ya wewe kumweleza. Sauti ilikuwa haitoki vizuri, lakini alinieleza yote. Akasema pete aliichonga yeye na kuiweka yeye, na wewe ulipima kilichokuwepo, hukukosea. Akataka iandikwe hivyo hivyo, kwa jina lake peke yake."

Nukta alimuuliza kwa nini hakuambiwa. Mkuu akatazama meza.

"Alinikataza mpaka azikwe. Alisema wewe ungebishana naye, na hana tena pumzi za kubishana na wewe."

Na kweli angebishana. Angemwambia kwamba kipande kitupu kilikuwa kazi ya mpimaji, si kazi ya mwenye mtungi, na kwamba aliyecheka likapita ni yeye. Alimwambia mkuu maneno hayo pale pale, akisimama, sauti ikimpanda. Akataka jina lake liongezwe. Mkuu alimsikiliza kwa upole, akamjibu kwamba taarifa ilishatoka, na kwamba hilo ndilo jambo pekee marehemu alilomwomba katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja.

Alitoka akakaa kwenye ngazi za nyuma ambako watu huenda kuvuta sigara. Alikuwa akihesabu, kama kawaida yake. Kesho yake. Ina maana siku zote zile za 'karibu' na 'asante', wakati yeye anamsimulia habari za soksi na kipimajoto, kaka alikuwa ameshampigania na kumaliza. Alimpigania bila kumwambia. Je, huko kulikuwa kusamehe? Au alifanya tu kama mwanasayansi afanyavyo, kosa likawekwa mahali pake, na moyo ukabaki umeumia? Kilikuwa kipimo ambacho hakuwa na chombo chake. Alikilia pale ngazini, na mvutaji mmoja aliyetokea mlangoni akamwona, akarudi ndani polepole.

Kazi iliendelea kwa sababu kazi huendelea. Pete nyingine ilikuja kutoka ng'ambo, ya madini yasiyo na fitina. Nukta alitengeneza kipande kitupu, akakipima, kikanyamaza kama inavyotakiwa. Akatengeneza utando, akisimama kwenye kidirisha mahali pa kaka yake, akijaribu kuona alichokuwa akikiona katika ule mwako. Akaupima. Mstari ulilala. Ulitetemeka kidogo kwa kelele za kawaida, ukalala tena. Huenda umeme ulikuwepo chini ya kelele, mdogo kuliko sikio lake. Huenda utando haukuiva, maana mikono iliyojua kuuivisha haikuwepo. Aliwaandikia wale wa mbali kwamba walikuwa sawa, na wakamjibu kwa maneno mazuri ya pole. Kwa mazoea aliinuka kwenda chumba cha pili kumwambia mtu. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka.

Wifi hakumpigia simu muda mrefu. Nukta alipiga, simu ikaita ikakatika. Alituma salamu kwa majirani, zikarudi salamu fupi. Hatimaye ujumbe ukaja mchana mmoja wa jua kali: kama una nafasi, njoo.

Alimkuta uani, kamba imejaa nguo. Alikuwa amefua kila kitu kilichowahi kulaliwa na mgonjwa, mashuka, mablanketi, foronya, hata mapazia ya sebuleni. Amepungua mwili, na kilemba amekifunga ovyo, yeye ambaye zamani hakutoka hata dukani bila kujitazama kwenye kioo. Walisalimiana. Hawakukumbatiana.

"Sijakuita kwa maneno," wifi akasema. "Bado nina donge na wewe, sikufichi. Lakini mashuka makubwa hayakunjiki na mtu mmoja, na humu ndani sina wa kumwita."

Wakaanza. Kila mmoja alishika pembe mbili, wakavuta, wakasogeleana, vidole vikagusana, wakaachana tena. Shuka la kwanza, la pili. Mapazia yakawasumbua kwa sababu yalikuwa yamesinyaa upande mmoja. Katikati ya kazi wifi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua, huo umeme waliokuwa wakiutafuta ungekuwa mkubwa kiasi gani, kama ungekuwepo. Ungewasha taa?

"Hapana, wifi. Hata taa ndogo kuliko zote usingeiwasha. Hata mdudu asingeuhisi."

Wifi alisimama na shuka mkononi. Nukta alidhani atasema neno kali, na alikuwa tayari kulipokea.

"Na alikuwa akirudi hapa anaimba," wifi akasema. "Nilidhani ni kitu kikubwa."

"Kwake kilikuwa kikubwa. Kwangu pia."

Uso wa wifi ulikunjamana, akauficha kwenye lile shuka, mabega yakimtikisika. Nukta hakujua kama anaruhusiwa kumsogelea. Alisimama alipokuwa, akaendelea kushika pembe zake mbili ili shuka lisiburuzike chini kwenye vumbi, akamngoja mpaka alipomaliza.

Kisha wifi akajipangusa, akatikisa kichwa kuonyesha kamba, na wakaenda kutoa blanketi.